Dola inapimwa, breki haipimwi

Muuza piesi, yaani vipuri, wa Birere hapa Goma aliichukua noti yetu ya dola 20, akainyanyua juani, akaipitishia kidole pembeni kote, akaikunja na kuikunjua. Mpasuko ulikuwepo, mdogo kama ukucha wa mtoto mchanga, karibu na kona ya juu. Akairudisha mezani. "Papa, iyi haiwezi pita. Munipatie ingine." Tukapekua mifuko, jirani akatoa yake iliyonyooka kama imepigwa pasi. Nayo ikapandishwa juani. Ikapita. Ndipo akatusukumia boksi la plakete za nyuma na diski mbili zilizofungwa nailoni, akaandika karatasi ya mauzo, akamgeukia mteja mwingine.

Boksi lile halikupandishwa juani na mtu. Halikupimwa pale dukani, wala mpakani lilipopitia, wala bandarini liliposhushwa. Plakete ndizo ambazo ndugu zetu wa Dar es Salaam na Mombasa wanaziita pedi za breki: bamba la chuma lililogandishwa unga mgumu uliokandamizwa, linaloibana diski mpaka gurudumu lisimame. Unga huo ukiwa mbovu, gari la kilo elfu moja na nusu lenye watoto ndani linaendelea kwenda wakati dereva amekanyaga kwa nguvu zake zote. Katika mji huu noti ikiwa na mpasuko wa ukucha inakataliwa na kila mtu, kuanzia muuza mchele mpaka muuza nyumba. Kitu cha kusimamisha gari kinapokelewa kwa kuangalia picha iliyoko juu ya boksi.

Sisi tunaolalamika hapa ni wengi na hatuna chama. Ni walimu, wauguzi, mama wa maduka ya vitenge, madereva wa teksi, wachungaji, vijana waliokuwa na kazi katika mashirika na sasa hawana. Kinachotuunganisha ni gari la okazioni, Toyota iliyotembea Japani miaka kumi au zaidi kabla ya kuiona Goma. Gari hilo linapeleka mtoto shule na mgonjwa hospitali, na siku ya soko linabeba magunia ya makala, yaani mkaa, na viazi. Na kwa muda sasa wengi wetu tunalibadilishia breki wenyewe, uani, kati ya kamba ya nguo na pipa la maji.

Hatukuanza kwa kupenda. Kuna watu duniani wanaofungua magurudumu siku ya mapumziko kwa sababu kazi ya mikono inawaburudisha, na tunawaheshimu. Wana sakafu ya saruji, taa ya umeme usiokatika, na duka ambalo likisema kitu ni halisi basi ni halisi. Sisi tulisukumwa. Mmoja wetu aliacha Harrier yake kwenye gereji asubuhi, akalipia plakete mpya, akalichukua gari jioni. Kwa siku nne lilikuwa kimya. Siku ya tano likaanza kulia tena gurudumu lile lile. Tulipolifungua tukakuta plakete za zamani, zimesuguliwa kwa msasa mpaka zikang'aa, na kingo zake zimepakwa rangi nyeusi. Mpya alizolipia hatujui ziko kwenye gari la nani. Alirudi kudai, akaambiwa fundi aliyefanya kazi ile ameenda Bukavu. Hatusemi mafundi wote wako hivyo. Wapo wazee katika mji huu waliotufundisha kila tunachokijua, na wanafanya kazi wakiwa wamelala juu ya mawe, kwa malipo madogo. Lakini mtu akishaibiwa breki mara moja, mara ya pili anataka kuona kwa macho yake.

Halafu fedha. Goma ilipoangukia mikononi mwa waasi wa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, benki zilifunga milango na uwanja wa ndege ukafungwa. Mwenye akiba akawa kama hana, kwa sababu hawezi kuigusa. Noti zilizobaki mjini ndizo hizo hizo zinazozunguka mkono hadi mkono, zinachakaa, zinapasuka, na kadiri zinavyopasuka ndivyo zinavyokataliwa. Mtu mwenye dola 60 tu za kutengeneza gari hawezi kulipa piesi na fundi. Anachagua piesi. Kazi anaifanya mwenyewe na majirani. Wazee wetu waliita jambo hili artikle 15, ile ibara isiyoandikwa katika katiba yoyote, inayomwambia Mkongo ajitafutie njia. Tumeitii tangu utoto. Lakini kujitafutia mkate si sawa na kujitafutia breki, maana mkate ukikosekana anayelala njaa ni wewe na nyumba yako.

Basi ilikuwa Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya usafi wa pamoja, tukiwa wanne na Harrier ile. Tunataka kuieleza kazi yenyewe, maana wanaotoza na kupiga mihuri hawajawahi kuiona kwa karibu.

Shida ya kwanza ni mahali pa kusimama. Ua wa Goma ni lava iliyopoa, ina migongo na mashimo, na jeki haipati pa kukaa sawasawa. Tuliweka kipande cha ubao mnene chini ya jeki na kabari za mti mbele na nyuma ya magurudumu yatakayobaki chini. Gari likishanyanyuka lazima liegemee kitu kisichoteleza. Hapa wengi wetu hufanya kosa linaloua: wanasukuma mawe ya volkano chini ya chasisi. Jiwe la kwetu linaonekana gumu, linakata mpaka tairi, lakini ndani lina matundu kama mkate ulioumuka. Likibebeshwa uzito mahali pamoja linapasuka bila kutoa ishara. Tulitumia magogo mawili ya mkaratusi yaliyokatwa sawa, tena gurudumu lililotolewa tukalilaza chini ya gari, ili likianguka liangukie gurudumu na si mtu.

Nati za gurudumu zilegezwe gari likiwa bado chini. Breki ya kuegeshea, ambayo kwenye Harrier yetu ni ya kukanyaga kwa mguu wa kushoto, iachiliwe kabisa. Sababu tutaiona baadaye. Gurudumu likatoka. Vumbi jeusi lilikuwa limejaa kila pembe. Mmoja akainama kulipuliza kwa mdomo, tukamzuia. Plakete za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na kwenye boksi la kughushi hakuna anayejua kilichomo. Vumbi hilo linakaa kwenye mapafu maisha yote. Tulilimwagia maji yenye sabuni, likateremka kama uji wa masizi.

Etrie, ule mkono wa chuma unaozibana plakete, inashikwa na bolti mbili. Kwetu zilikuwa za spana namba 14, na ya chini haikutaka kabisa. Tulipoinua etrie tuliitundika kwa waya kwenye springi. Haifai kuiacha ining'inie kwa mpira wake, kwa sababu mpira huo ndio unaopitisha mafuta ya breki, na ukipasuka ndani huwezi kuona. Ndipo tukazitoa plakete na kuziweka pamoja juu ya ubao. Ya nje ilikuwa bado na unga mnene kama kidole. Ya ndani ilikuwa imeisha mpaka bamba. Chuma kilikuwa kinasugua chuma, na upande wa ndani wa diski, ule usioonekana ukichungulia kwenye tundu za rimu, ulikuwa na mifereji kama shamba lililolimwa.

Tulikaa kimya tukiutazama. Plakete mbili za gurudumu moja zinatakiwa ziishe sawasawa. Ya ndani ikiisha peke yake, mara nyingi maana yake ni kwamba etrie haitelezi tena kwenye pini zake. Pini zilikuwa zimekauka na kushika kutu, na kile kimpira cha kuzifunika kilikuwa kimechanika, vumbi likaingia, likageuka simenti. Fundi aliyesugua plakete kwa msasa alizishika pini hizo kwa mikono yake mwenyewe. Zingemchukua nusu saa kuzisafisha na kuzipaka grisi.

Na hapo ndipo lalamiko letu la breki linapogeuka kuwa lalamiko la barabara. Vumbi la Goma si kama la mahali pengine. Nyiragongo ililipuka tarehe 17 Januari 2002, lava ikapita katikati ya mji na kufunika sehemu ya uwanja wa ndege. Tukajenga upya juu yake, kwa mawe yake, na barabara za mitaa tukazichonga humo humo. Nenda Ndosho, nenda Katoyi, nenda Majengo: gari linasaga lava mchana kutwa na lava inasaga gari. Unga wake mweusi ni mkali kama kioo kilichopondwa. Magurudumu ya mbele yanaurushia ya nyuma, ndiyo maana breki za nyuma huku zinakufa mapema. Mvua ikinyesha unakuwa tope, tope linakaukia kwenye pini, na kesho yake unaendelea kusaga. Tunalipa ushuru wa barabara ambazo hatujazipata, kisha tunalipa tena Birere kwa sababu ya kuzikosa.

Watu husema breki za nyuma si kitu, za mbele ndizo zinazofanya kazi. Ni kweli kwamba ukikanyaga, uzito wa gari unaruka mbele, na breki za mbele zinabeba sehemu kubwa. Lakini maneno hayo yalisemwa juu ya gari lenye dereva na abiria mmoja. Sisi tunapanda saba, na nyuma tumeweka gunia la makala na mtungi wa maji. Mkia wa gari letu ni mzito. Breki za nyuma zikiwa za upande mmoja tu, ukikanyaga kwenye mteremko wenye tope mkia unataka kupita mbele. Mwenye kulijua hilo ni yule aliyewahi kujikuta amegeuka nusu ya barabara, anatazamana na Fuso.

Diski ya zamani ilikataa kutoka. Ilikuwa imegandana na kikombe cha gurudumu kwa kutu. Kijana alichukua nyundo. Mzee mmoja, dereva wa zamani wa lori la Butembo, akamshika mkono. Diski za Toyota nyingi zina matundu mawili madogo yenye meno, na wengi wanadhani ni ya mapambo. Tulitafuta bolti mbili za milimita 8, tukazikaza humo kidogo kidogo, moja robo mzunguko, nyingine robo mzunguko. Zikasukuma kutoka nyuma. Ikalia kama ukuni unaopasuka, na diski ikatuangukia mikononi. Ndani yake kuna viatu vidogo vya breki ya kuegeshea vilivyojificha ndani ya diski kama ndani ya ngoma. Ndiyo maana tuliiachilia mwanzoni, vinginevyo vingeikumbatia tusiitoe hata jioni. Kwenye diski, unene wa mwisho unaoruhusiwa umechongwa herufi ndogo. Yetu iliandikwa milimita 8.5. Tulipoipima ilikuwa imeshapita hapo, na mwenye gari alikuwa anateremka nayo kutoka Kibumba kila wiki.

Tuseme pia yaliyotokea tulipofungua boksi jipya. Plakete mpya hazikuingia. Masikio yake yalikuwa mapana kuliko mabano, labda kwa milimita moja. Kitu kilichotengenezwa kwa kipimo cha gari hakihitaji tupa. Tukaziweka kando ya zile za zamani zilizotoka nazo Japani: bamba la mpya lilikuwa jembamba zaidi, kile kijibati kinachotakiwa kulia unga unapokaribia kuisha hakikuwepo, na unga wenyewe ulikuwa unamomonyoka ukingoni ukiukwaruza kwa bisibisi. Jina la kampuni kubwa ya Kijapani lilikuwa limeandikwa juu ya boksi na herufi moja imekosewa. Herufi moja. Sisi ambao tunaona mpasuko wa ukucha kwenye noti hatukuiona herufi hiyo dukani, kwa sababu tulikuwa tunaangalia fedha yetu isikataliwe.

Tungefanya nini? Ilikuwa saa kumi jioni. Za zamani hazirudishiki. Dola haipo nyingine. Jumatatu mtoto anakwenda shule. Tulizipiga tupa zikaingia. Tulisafisha pini, tukazipaka grisi, tukatengeneza kimpira kwa kipande cha mpira wa baiskeli, jambo ambalo tunajua halifai. Diski mpya tukaziosha kwa maji ya moto na sabuni ya unga, kwa maana zinakuja zimepakwa mafuta zisishike kutu, na mafuta hayo yakiingia kwenye plakete zimeharibika kabla ya safari ya kwanza. Pistoni tuliirudisha ndani taratibu, mmoja akichunga kopo la mafuta ya breki juu lisifurike. Tukafunga. Kabla ya kuwasha gari, mwenye gari akakanyaga pedali mara nyingi. Ya kwanza ilizama mpaka sakafuni, ya pili nusu, ya tano ikasimama. Anayesahau hatua hiyo anatoka uani na kuingia moja kwa moja kwenye ukuta wa jirani.

Kesho yake alfajiri tulikwenda barabara ya Sake kuzizoeza: kilomita 40 kwa saa, kukanyaga taratibu, kuachilia, kupoza, tena na tena, ili unga mpya ushikane na diski mpya. Zilinuka kama mpira unaoungua. Tulirudi nyumbani na gari linasimama. Vizuri? Vya kutosha? Hatuna mahali pa kuuliza.

Hapo ndipo uchungu wetu ulipo. Kenya ilijiwekea ukomo, gari la kuagizwa lisizidi miaka 8. Uganda mwaka 2018 ilipiga marufuku kuingiza magari yaliyozidi miaka 15. Ng'ambo ya mpaka wetu hapa, Rwanda, gari likipelekwa kukaguliwa magurudumu yake yanawekwa juu ya roli, mashine inasoma kila gurudumu linashika kwa nguvu kiasi gani, na ikionyesha kushoto na kulia vimepishana mno unarudishwa ukatengeneze. Si mbali. Mpaka wenyewe ni mwendo wa miguu kutoka Birere. Sisi cheti cha ukaguzi tunakipata. Tunakilipia, tunapewa, kina muhuri na saini. Mwenye Harrier alikuwa nacho, cha mwaka ule ule, na katika kukipata hakuna mtu aliyeinama chini ya gari wala kuomba litembezwe hatua kumi likanyagwe. Askari wa barabarani wakitusimamisha wanaangalia karatasi hiyo, wanaangalia kizima moto, wanaangalia pembetatu ya tahadhari, wanahesabu abiria. Hatujawahi kusikia mmoja akisema, hebu kanyaga nione.

Piesi nazo zinasafiri mbali kutufikia. Nyingi hutoka Dubai na Sharjah, zinashuka Mombasa au Dar es Salaam, nyingine zinapitia soko la Kisekka pale Kampala, zinavuka mipaka, zinakutana na vizuizi, na kila kizuizi kinatoza. Mzigo unahesabiwa maboksi, unapimwa uzito, unaandikwa. Tunapoununua Birere tumelipia mikono yote hiyo. Kama katika mikono yote hiyo ungekuwepo mmoja tu, mtu mmoja mwenye kipimo cha milimita na mfano halisi wa kila plakete, angefungua boksi moja katika mia na kulinganisha, tungelipa bila kunung'unika. Tunatozwa kama watu wanaolindwa, na hatulindwi.

Tunamfikiria mtu wa chukudu. Anateremka kutoka Kibumba na magunia ya viazi na kabichi juu ya mbao mbili na magurudumu mawili ya mti, mwili wake wote ukiwa ndio bima yake. Breki yake ni kipande cha mpira wa tairi kilichopigiliwa juu ya gurudumu la nyuma. Anakikanyaga kwa kisigino, kinasugua, kinatoa moshi. Alikikata mwenyewe. Anajua kilitoka kwenye tairi gani na kimebaki unene gani, na kikiisha anakata kingine kabla ya kupanda tena. Mji umemjengea sanamu ya dhahabu kwenye ronpwe, mzunguko wa barabara, inayoitwa kwa jina la chombo chake, na anastahili. Lakini anateremka mbele yetu. Akipunguza mwendo kwenye kona, uhai wake unategemea unga ulioko ndani ya boksi letu lenye herufi iliyokosewa. Yeye hakulinunua na hakuliona. Nao watoto wa shule wanaovuka pale Signers saa sita, wamama wenye beseni kichwani, vijana wa pikipiki wanaojipenyeza kati ya magari, hakuna hata mmoja wao aliyeulizwa.

Mei 2021 tulijua kwa machozi kwamba barabara inaua wasioulizwa. Nyiragongo ilipolipuka usiku wa tarehe 22, mji mzima ulitoka barabarani kwa wakati mmoja, gizani, anga likiwa jekundu. Hesabu ya kwanza iliyotolewa na serikali ilikuwa watu 15 waliokufa. Wawili kati yao waliungua. Wanne walikuwa wakijaribu kutoroka gereza la Munzenze. Tisa walikufa katika ajali ya barabarani wakikimbia. Hesabu ilipanda baadaye, lakini sisi hatukuisahau ile ya kwanza. Hatusemi breki ndizo zilizowaua wale tisa, hatukuwepo kulifungua gari lile. Tunasema kwamba usiku ule barabara iliua kabla ya moto, na siku tano baadaye, ilipotolewa amri ya kuhama, sisi tulikuwa ndani ya msafara ule wa kwenda Sake, gari nyuma ya gari, pikipiki katikati, watu kwa miguu pande zote mbili na magodoro vichwani. Kila mara mbele waliposimama, tulikanyaga na kushika pumzi. Mlima ule haujahama. Siku moja tutakimbia tena, na tutakimbia na magari haya haya.

Plakete za boksi lile zilidumu wiki saba. Mwenye Harrier alisikia sauti Jumatano, akaegesha gari, akatembea kwa miguu mpaka Jumamosi. Safari hii tulirudi Birere watatu, duka lile lile kwa kuwa lingine halina piesi za Harrier, tumebeba mfuko. Ndani ya mfuko mlikuwa na plakete ya kwanza iliyotoka Japani, tumeisafisha kwa brashi, na kipimo cha chuma cha kusoma milimita tulichoazima kwa fundi wa kuchomelea. Muuzaji alileta boksi. Hatukutoa fedha. Tulilifungua mezani, tukaweka mpya kando ya zamani, tukapima masikio, tukapima bamba, tukakwaruza ukingo wa unga kwa bisibisi mbele ya wateja wengine. Ukamomonyoka. Tukasoma jina kwenye boksi kwa sauti, herufi kwa herufi.

"Papa," akasema, "sasa munapima plakete sawa feza?"

"Ndiyo, ndugu yetu. Wewe si unapima yetu?"

Alituangalia, akaangalia watu waliokuwa wamesogea kutazama. Akalifunga boksi, akaingia chumba cha nyuma, tukasikia ngazi ikiburuzwa. Alirudi na lingine, dogo zaidi, lililojaa vumbi.